Upungufu wa Madini kwa Wanyama wa Maabara na Uzito wa Ushahidi Wake

Upungufu wa madini, kwa maana inayotumika katika elimu ya lishe, ni hali ambamo mnyama anapata chakula cha kutosha kwa wanga, mafuta, protini na vitamini, lakini chakula hicho kinakosa au kina kiasi haba mno cha elementi fulani isiyo kaboni, haidrojeni, oksijeni wala nitrojeni, kama vile kalsiamu, fosforasi, magnesiamu, chuma, shaba, zinki, manganizi, iodini au seleniamu. Maelezo haya yanaonekana mepesi yakisomwa kitabuni, ila ni vigumu kuyatimiza ndani ya kizimba, kwa sababu mnyama aliyenyimwa kitu kimoja huanza karibu mara moja kukosa na vingine: hamu ya kula inapungua, homoni zinabadilika, mifupa inameng'enywa ili kuziba pengo, na vyakula vilivyochaguliwa kwa kuwa havina madini yanayochunguzwa huja na kasoro zao wenyewe. Kwa hiyo historia ya majaribio haya ni historia ya kutenganisha athari za madini na athari za njaa, za ghala la mwili na za mchanganyiko wa chakula, na si madai yote yaliyowahi kutolewa yaliyovuka mtihani huo.

Majaribio ya mwanzo hayakuulizia elementi moja moja. Mnamo mwaka 1842 Charles Chossat wa Geneva aliwalisha njiwa ngano peke yake na kuona mifupa yao ikiwa myembamba na myepesi kuvunjika, hali iliyozuilika walipoongezewa chokaa. Mwaka 1873 Joseph Forster, katika maabara ya Munich, aliwalisha mbwa na njiwa nyama iliyokamuliwa kwa maji moto mpaka chumvi zake nyingi zikatoka, na wanyama hao wakadhoofika haraka kuliko ilivyotarajiwa hata kwa mnyama asiyelishwa kabisa. Gustav von Bunge wa Dorpat, mji unaoitwa Tartu siku hizi, alidhani kwamba salfa iliyomo katika protini hugeuka kuwa asidi mwilini na kwamba kazi kubwa ya chumvi za chakula ni kuizimua asidi hiyo. Mwanafunzi wake Nikolai Lunin alilijaribu wazo hilo kwa panya wadogo waliolishwa kaseini, yaani protini ya maziwa, pamoja na mafuta na sukari. Kuwaongezea kabonati ya sodiamu kuliwarefushia maisha kidogo tu, na hata walipoongezewa chumvi zote za maziwa kwa uwiano wake halisi walikufa, ilhali wenzao waliokunywa maziwa yenyewe waliendelea kuishi. Mwaka 1881 Lunin alihitimisha kwamba maziwa yana vitu vingine vya lazima visivyojulikana bado. Jaribio lililokusudiwa kuhusu madini lilikuwa limegonga mlango wa vitamini, na kwa miaka thelathini iliyofuata hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika kama mnyama aliyekufa kwa chakula kisicho na chumvi alikufa kwa kukosa chumvi.

Ilipofika miaka ya 1920 na 1930, vitamini kadhaa zilipokuwa zimekwisha kutambuliwa na kuweza kuongezwa katika chakula kwa makusudi, ndipo njia ilipofunguka. Panya wa maabara, ambaye Elmer McCollum alikuwa ameanza kumfuga kwa utafiti wa lishe katika Chuo Kikuu cha Wisconsin katika mwongo wa kwanza wa karne hiyo, alifaa kwa kazi hii kwa sababu hukua upesi, hula karibu kila kitu na huzaa vizazi kadhaa katika muda mfupi. Kukua upesi ni jambo la msingi hapa, kwa kuwa upungufu huonekana haraka zaidi pale tishu mpya zinapojengwa. Panya mzima aliyekwisha kujaza ini na mifupa yake anaweza kukaa muda mrefu bila dalili yoyote, wakati ndugu yake aliyeachishwa ziwa juzi ataanza kuumwa kwa chakula kile kile.

Maandalizi ya chakula cha namna hiyo yanastahili kuelezwa kwa kirefu, maana makosa mengi yalizaliwa hapo. Nafaka na nyama za kawaida haziwezi kutumika kwa sababu zina madini yaliyofungamana na tishu zake, hivyo hutumiwa viambato vilivyosafishwa: wanga wa mahindi, sukari, mafuta, vitamini zilizotengenezwa kiwandani, na protini moja. Kaseini ina zinki inayong'ang'ania humo, kwa hiyo wanaochunguza zinki hupendelea ute mweupe wa yai uliokaushwa. Lakini ute huo una protini inayoikamata bayotini, vitamini mojawapo ya kundi B, ndiyo maana ni lazima bayotini iongezwe kwa wingi, la sivyo mtafiti ataona manyoya yakinyonyoka na kudhani ameona upungufu wa zinki. Kizimba cha waya uliopakwa zinki huuharibu utafiti huo huo kwa njia nyingine, kwani panya hulamba na kutafuna waya. Maji ya bomba, vizibo vya mpira, vumbi la chumba na matandiko ya takataka za mbao vyote hubeba elementi kwa viwango vinavyotosha kumponya mnyama. Zaidi ya hayo, panya hula kinyesi chake, na hivyo huyapata upya madini yaliyokwisha kupita tumboni, na sakafu ya wavu unaokiacha kinyesi kianguke chini huipunguza tu tabia hiyo bila kuikomesha. Hata mtafiti aliyeyashinda haya yote bado anakabiliwa na akiba ambayo mtoto alizaliwa nayo kutoka kwa mama yake, na ndiyo sababu majaribio mengine huanza kumnyima mama kabla mimba haijatungwa.

Zinki ndiyo inayoonyesha ugumu huu waziwazi kuliko madini mengine yoyote. Mwaka 1934 Todd, Elvehjem na Hart wa Wisconsin walithibitisha kwamba panya wanaihitaji ili wakue, baada ya kuandaa chakula kilichokuwa nayo kwa kiasi kidogo mno. Leo mahitaji ya panya anayekua yanakadiriwa kuwa miligramu 12 katika kila kilo moja ya chakula, na chakula cha majaribio ya upungufu huwa na chini ya miligramu moja. Akipewa chakula hicho, panya mchanga hupoteza hamu ya kula ndani ya siku chache, na ulaji wake huanza kupanda na kushuka kwa mizunguko ya takriban siku tatu au nne. Ukuaji husimama, ngozi ya miguuni na kuzunguka mdomo hupata vidonda, manyoya hunyonyoka, korodani hazikomai, na tezi ya kifuani inayolea chembe za kinga husinyaa. Swali linalojitokeza mara moja ni hili: je, hayo yote ni kazi ya zinki iliyokosekana, au ni kazi ya njaa ya mnyama anayekataa kula?

Jibu lilitafutwa kwa njia inayoitwa ulishaji wa jozi, ambamo kila mnyama mwenye upungufu hupewa mwenzake wa uzito ule ule anayekula chakula chenye zinki ya kutosha, lakini kwa kiasi kile kile ambacho mnyama mwenye upungufu alikila siku iliyotangulia. Tofauti inayobaki kati ya wawili hao huhesabiwa kuwa ya zinki. Njia hii ni nzuri, na utafiti wowote wa zinki usioitumia unapaswa kusomwa kwa shaka. Hata hivyo ina dosari ambayo watafiti wenyewe waliigundua. Panya mwenye upungufu hudonoadonoa chakula chake mchana na usiku, ilhali mwenzake mwenye njaa na afya hukifakamia mara moja kisha akakaa bila kula mpaka siku ya pili, hivyo miili yao hutofautiana kwa homoni na kwa mafuta hata pale uzito wa chakula unapolingana. Wapo waliojaribu kinyume chake, yaani kumlisha kwa mrija mnyama mwenye upungufu ili ale sawa na mwenye afya, na hapo ikaonekana kwamba kulazimishwa kula kunamwangusha kwa ugonjwa ndani ya siku chache. Matokeo hayo yanaashiria kwamba kukosa hamu si dalili ya bahati mbaya tu bali ni kinga: mnyama asiyekua hahitaji zinki mpya, na anayejizuia kula huzitumia chembe chache anazopata kutokana na kumeng'enywa kwa misuli yake mwenyewe.

Katika mimba tatizo huwa kali zaidi. Lucille Hurley na Helen Swenerton wa Chuo Kikuu cha California mjini Davis walionyesha mwaka 1966 kwamba panya jike aliyenyimwa zinki tangu mwanzo wa mimba huzaa watoto wenye kasoro za karibu kila kiungo, za ubongo, macho, kaakaa, moyo na mifupa, ingawa mifupa ya mama mwenyewe bado ina zinki nyingi. Ghala lipo, lakini ufunguo wake haumo mkononi mwa mimba. Hilo lilithibitishwa kwa namna ya kushangaza mwaka 1972, Hurley na Tao walipomnyima mama zinki na kalsiamu kwa pamoja: mifupa yake ililazimika kumeng'enywa ili kalsiamu ya damu isishuke, zinki iliyokuwa imefungiwa humo ikaachiwa, na kasoro za watoto zikapungua. Upungufu wa vitu viwili ulikuwa na madhara madogo kuliko upungufu wa kimoja. Anayetaka kusoma orodha ya dalili kana kwamba kila elementi ina ukurasa wake uliojitenga hana budi kulikumbuka jaribio hili.

Kalsiamu yenyewe huficha upungufu wake kwa mtindo huo huo. Kiwango chake katika damu hulindwa na tezi ndogo zilizo shingoni, ambazo huamuru mifupa itoe inachohitaji mwili, kwa hiyo panya aliyenyimwa kalsiamu anaweza kuwa na damu isiyo na tatizo lolote huku mifupa yake ikiwa imebaki kama ganda. Magnesiamu haina ulinzi wa namna hiyo, na ndiyo maana picha yake ni ya ghafla. Kruse, Orent na McCollum, wakifanya kazi Johns Hopkins mwaka 1932, waliona masikio ya panya wao yakiwa mekundu siku chache tu baada ya kuanza chakula kisicho na magnesiamu, kwa sababu mishipa midogo ya damu ilikuwa imetanuka. Kisha wanyama wakawa wepesi wa kushtuka, na hatimaye sauti yoyote kali ilitosha kuwatia degedege ambalo wengi hawakulipona. Potasiamu ikikosekana, misuli ya moyo na mirija ya figo huharibika. Fosforasi, kwa kuwa imo karibu katika kila kiambato, ni ngumu kuinyima kuliko zote, na huonekana zaidi kwa mifugo ya malishoni kuliko maabara.

Chuma na shaba huhitaji kuzungumziwa pamoja. Panya waliolishwa maziwa peke yake baada ya kuachishwa ziwa hupungukiwa damu, kwa kuwa maziwa yana chuma kidogo sana, na ilitarajiwa kwamba chumvi safi ya chuma ingewaponya. Haikuwaponya, ila majivu ya ini yaliwaponya. Kwa kuyachambua majivu hayo, Hart, Steenbock, Waddell na Elvehjem walitangaza mwaka 1928 kwamba kilichokuwa kikikosekana ni shaba, ambayo lazima iwepo ili chuma kijenge himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni. Maelezo kamili yalikuja baadaye sana: protini zenye shaba hukigeuza chuma kiwe katika hali inayoweza kupokewa na kibebaji chake ndani ya damu, hivyo mnyama asiye na shaba anaweza kuwa na chuma kilichorundikana katika ini huku uboho wake ukikiomba. Upungufu wa shaba una athari nyingine zisizohusu damu kabisa. Kimeng'enya kinachofunga nyuzi za kolajeni na elastini hutegemea shaba, na kwa hiyo mshipa mkuu unaotoka moyoni hudhoofika na kupasuka kwa vifaranga na nguruwe wachanga. Manyoya meusi hugeuka kijivu. Na kwa panya moyo huvimba. Watafiti wa Marekani katika miaka ya 1980 waliona kwamba panya dume wanaokula sukari ya matunda kwa wingi hufa kwa upungufu wa shaba ambao majike, au madume wanaokula wanga, huustahimili. Dozi ya shaba ilikuwa ile ile; kilichotofautiana kilikuwa jinsia na aina ya wanga.

Athari za chuma katika ubongo zina uzito wa pekee kwa sababu ya suala la muda. Peter Dallman na wenzake walionyesha mwaka 1975 kwamba panya aliyenyimwa chuma kwa kipindi kifupi utotoni hubaki na chuma pungufu katika ubongo hadi utu uzima, ingawa damu na ini lake vimejaa tena baada ya tiba. Hapa ndipo mnyama wa maabara anapotoa huduma ambayo hakuna mbadala wake, kwani hakuna mtu angeweza kukata ubongo wa watoto waliopona upungufu wa damu ili kulichunguza jambo hilo.

Manganizi inatoa mfano mwingine wa madhara yasiyofutika, nao ni mzuri kuliko yote kwa mwenye kutafuta chanzo na matokeo. Watoto wa panya waliozaliwa na mama aliyenyimwa manganizi huinamisha vichwa upande mmoja, huyumba wanapotembea, na wakitiwa majini hawajui juu wala chini. Uchunguzi wa sikio la ndani ulionyesha kwamba vijiwe vidogo vya chokaa, ambavyo kwa uzito wake humwambia mnyama mwili wake umeelekea wapi, havikuwahi kuumbika, kwa sababu utando unaovishikilia hujengwa kwa vimeng'enya vinavyohitaji manganizi. Kumlisha mtoto manganizi baada ya kuzaliwa hakumsaidii. Sasa, kulikuwa na ukoo wa panya wadogo wenye manyoya ya rangi hafifu ambao walizaliwa na kasoro ile ile kwa urithi, bila upungufu wowote katika chakula. Erway, Hurley na Fraser waliwapa majike wa ukoo huo manganizi nyingi mno wakati wa mimba, na mwaka 1966 wakaripoti kwamba watoto walizaliwa na vijiwe vyao kamili, ingawa jeni iliyo mbovu ilibaki ilivyokuwa na rangi ya manyoya haikubadilika. Ni matokeo machache katika lishe yanayoonyesha kwa usafi kama huu kwamba mahitaji ya madini si namba moja kwa spishi nzima, na kwamba kiasi kinachomtosha mnyama mmoja ni upungufu kwa mwingine mwenye urithi tofauti.

Seleniamu ilikuja kwa mlango wa nyuma. Ilijulikana kuwa ni sumu kwa mifugo mpaka mwaka 1957, Klaus Schwarz na Calvin Foltz walipoonyesha kwamba chembe zake chache huzuia kufa kwa ini kwa panya waliolishwa aina fulani ya hamira na kunyimwa vitamini E. Kwa miaka kumi na sita hakuna aliyejua kazi yake mwilini, hadi mwaka 1973 ilipogunduliwa kuwa ni sehemu ya kimeng'enya kinachoharibu peroksidi kabla hazijaunguza kuta za seli, na hapo uhusiano wake na vitamini E, ambayo hufanya ulinzi unaofanana nao, ukaeleweka.

Ushindi huo ulizaa haraka isiyo ya kawaida. Schwarz na wengine walijenga vizimba vya plastiki vyenye hewa iliyochujwa, na katika miaka ya 1970 orodha ya madini yaliyodaiwa kuwa ya lazima ilirefuka mpaka ikaingiza bati, vanadiamu, floridi, silikoni na nikeli. Ushahidi wa mengi kati ya hayo ulikuwa kuongezeka kwa kasi ya kukua, na udhaifu wake unaonekana pale inapozingatiwa kwamba hata panya walioongezewa elementi husika walikua vibaya kuliko panya wa kawaida, jambo linalomaanisha kwamba chakula chao kilikuwa na kasoro nyingine. Elementi inayomfanya mnyama dhaifu apate nafuu kidogo si lazima iwe chakula. Inaweza kuwa dawa. Kromiamu, iliyodaiwa mwaka 1959 kuwa lazima kwa matumizi ya sukari mwilini, ilidumu kwenye vitabu kwa nusu karne, lakini majaribio ya baadaye yaliyowaweka panya mahali pasipo na metali hayakuona madhara ya kuikosa, na mwaka 2014 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilihitimisha kwamba hakuna ushahidi kuwa ni madini ya lazima. Kigezo kinachoonekana kufaa ni kudai vitu viwili kwa pamoja: dalili zinazotoweka elementi inaporudishwa katika kiasi kinachopatikana katika chakula cha kawaida, na kazi yake mwilini inayojulikana. Zinki, shaba, manganizi na seleniamu hupita, bati halipiti.

Tahadhari hiyo inayahusu hata makundi ya ulinganisho. Mchanganyiko wa chakula uliopendekezwa na taasisi ya lishe ya Marekani mwaka 1977, na kutumiwa duniani kote kama kipimo cha afya, ulikuwa ukiweka chokaa katika figo za panya majike, kwa sababu waliouandaa hawakuihesabu fosforasi iliyomo ndani ya kaseini, na uwiano wa kalsiamu na fosforasi ukaharibika. Marekebisho ya mwaka 1993 yaliusahihisha. Kati ya miaka hiyo miwili, wanyama wengi waliohesabiwa kuwa wazima walikuwa na figo zisizo nzima.

Kuhusu kuhamisha matokeo kutoka kwa panya kwenda kwa binadamu na mifugo, mafanikio na mipaka ni vya kutazamwa kwa pamoja. Ananda Prasad alipowakuta vijana wafupi wasiobalehe nchini Irani mwishoni mwa miaka ya 1950 na baadaye Misri mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni kazi iliyotangulia ya wanyama iliyomwezesha kuishuku zinki, na vifaranga waliolishwa soya walikuwa tayari wameonyesha kwamba fitati, kiambata cha fosforasi kilicho kwenye maganda ya mbegu na nafaka zisizokobolewa, huikamata zinki tumboni na kuizuia kuingia mwilini. Hata hivyo panya huongeza uzito wake wa kuzaliwa maradufu ndani ya wiki moja hivi, wakati mtoto wa binadamu huchukua takriban miezi mitano, hivyo kiwango kinachomwangusha wa kwanza kinaweza kumwacha wa pili bila dalili kwa muda mrefu.

Mpaka mwingine hauhusu kasi bali maumbile ya tumbo. Ng'ombe katika Bonde la Ufa la Kenya, kuzunguka Nakuru, walikuwa wakikonda na kupungukiwa damu huku wakiwa na malisho tele, ugonjwa ambao wafugaji walowezi waliuita kwa jina la mji huo, na chanzo chake kilikuwa uhaba wa kobalti katika udongo na majani. Bakteria wa tumbo la kwanza la mnyama anayecheua huitumia kobalti kutengeneza vitamini B12, na wakiikosa, mnyama hukosa vitamini. Panya hana tumbo la namna hiyo, na maadamu anapewa vitamini B12 yenyewe, chakula kisicho na kobalti hata kidogo hakimwonyeshi mtafiti dalili yoyote.